Sisi wa Zoni ya 5

Machi 2009, Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alimtembelea Barack Obama Washington. Alimbebea chombo cha kuwekea kalamu kilichochongwa kwa mbao za Gannet, meli ya kivita ya zamani iliyotumika kupambana na biashara ya watumwa. Obama naye akampa DVD 25 za filamu maarufu za Marekani. Zawadi hiyo ilichekwa sana, na ikachekwa zaidi magazeti ya Uingereza yaliporipoti kwamba Brown alipofika nyumbani na kuingiza diski kwenye deki, deki ilikataa. Diski zilikuwa za Marekani, deki ilikuwa ya Ulaya.

Kwetu Nairobi hiyo stori haikumshangaza mtu. Yalikuwa yametupata kabla ya waziri mkuu.

Miaka kama mitatu nyuma, anko wangu, kitinda mimba wa shosho, alioa huko Marekani. Shosho hakuweza kusafiri, lakini alituma kitenge alichokichagua mwenyewe, kijani chenye maua ya rangi ya machungwa. Alisema ni cha bibi harusi, na akikivaa watu watajua ametoka kwa watu. Miezi ikapita, kikaja kifurushi. Ndani kulikuwa na CD ya harusi na DVD nne za muvi, original, zimenunuliwa dukani, risiti bado iko.

Sebule ikajaa. Deki yetu shangazi aliileta kutoka Dubai, nzito, ya jina kubwa, na mama alikuwa ameifunika kitambaa. CD ya harusi ikacheza, lakini kwa nyeusi na nyeupe, na picha ikipanda juu bila kusimama. Shosho akasogeza kiti hadi karibu aguse TV.

"Kitenge changu ni kipi hapo?"

Hakuna aliyejua. Kila nguo ilikuwa kijivu.

"Kwani huko hakuna rangi?"

Tukaitoa, tukaweka muvi. Hiyo hata haikuanza. Maandishi yalitokea kwenye skrini kusema diski hii haiwezi kuchezwa eneo hili.

Ni miaka mingi baadaye ndipo nilielewa kwamba siku hiyo tulikuwa na magonjwa mawili tofauti.

Ule wa harusi ni wa kale kuliko DVD. Marekani wana umeme wa hezi 60, na mfumo wao wa TV, NTSC, ulijenga picha kwa mistari 525. Sehemu kubwa ya Ulaya ina umeme wa hezi 50, na mifumo yao ilitumia mistari 625. Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, Ujerumani, ndiye aliyebuni PAL, na mwaka wa 1967 Ujerumani Magharibi na Uingereza zikaanza kurusha rangi kwa mfumo huo. Kenya ilifuata Waingereza, kama tulivyofuata soketi zao na kuendesha gari upande wa kushoto. TV ya PAL pekee ikiletewa picha ya NTSC inaona maumbo, lakini rangi haiisomi, na kasi ya picha inaivuruga. Hapo hakuna aliyekusudia kumuudhi shosho.

Ugonjwa wa pili ulitengenezwa makusudi. DVD iliingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996, na Marekani 1997. Siku hizo muvi ilianza kwenye sinema za Marekani, ikafika nchi nyingine miezi kadhaa baadaye. Kampuni za filamu ziliogopa kwamba mtu wa London angeagiza diski kutoka New York kabla muvi haijafika sinema ya kwao. Pia zilitaka kila soko liwe na bei yake. Basi wakaigawa dunia. Marekani na Kanada zikawa zoni ya 1. Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini, ya 2. Asia ya Kusini-Mashariki, ya 3. Australia na Amerika ya Kusini, ya 4. Uchina peke yake, ya 6. Hata ndege na meli zilipewa yao, ya 8. Sisi na sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Urusi na India, tukawekwa ya 5. Ukivuka mto Limpopo kuingia Afrika Kusini, umehama zoni.

Kufuli lenyewe ni namba tu. Diski inataja zoni inazokubali, deki inaangalia namba yake, zisipolingana inagoma. Muvi iko pale pale, nzima. Sebuleni kwetu siku hiyo kulikuwa na diski ya zoni ya 1, deki ya zoni ya 2 na watu wa zoni ya 5.

Aliyetuokoa ni jirani. Deki yake ilitoka Luthuli Avenue, nyepesi kama sahani, na jina lake sijawahi kuliona tena popote. Fundi wa mtaani aliingia kwenye menyu kwa rimoti, akachagua PAL, na rangi zikaja. Zile muvi nne nazo zikacheza bila swali. Deki nyingi za bei rahisi kutoka Uchina zilifika bila kufuli, au na kufuli la kufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti. Anayetaka kuuzia dunia nzima atamfungia nani?

Wengine walifungua kwa shida zaidi. Norway, mwaka wa 1999, Jon Lech Johansen, kijana wa miaka 15, alishiriki kutoa programu ya DeCSS iliyovunja kufuli lingine la DVD. Alisema alitaka kutazama diski zake kwenye kompyuta ya Linux. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachilia Januari 2003, kisha tena kwenye rufaa Desemba mwaka huo.

Kinachoniuma si kufuli, ni somo tulilopata. Anko alilipia DVD zake, zikakataa. CD ya shilingi hamsini ya pale stage, muvi kumi zimebanwa ndani ya diski moja, haikukataa hata siku moja, kwa sababu aliyeinakili alikuwa ameshaondoa kufuli. Mtoto wa umri wangu alikua akijua hivi: original ni shida, feki inacheza. Hakuna tangazo la kupinga uharamia lingefuta hilo. Halafu watengenezaji filamu wa River Road, wale wa Riverwood, wakatuomba tununue CD zao halali. Wao hawakuwa wamechora ramani yoyote, lakini CD zao zilinakiliwa na kuuzwa kwenye meza ile ile ya hamsini. Hasira yetu kwa Hollywood, kama ni hasira kweli, waliilipa wao.

Blu-ray ilipokuja, dunia ikagawanywa upya mara tatu, na safari hii Afrika ikawekwa pamoja na Ulaya. Januari 2016 Netflix ikafika Kenya, na tukagundua kwamba orodha yetu si orodha yao. "Haipatikani katika eneo lako" ni ule ule ujumbe wa sebuleni, ila sasa fundi wetu anaitwa VPN.

Na kitenge? Kilionekana, kwa jirani, kijani na machungwa kabisa. Hakikuwa kwa bibi harusi. Kilikuwa kimetandikwa mezani, chini ya keki. Shosho alikitazama kimya, akamwambia fundi arudishe nyuma, akakitazama tena.

"Angalau kimefika," akasema.