Hesabu ya Siku

Marehemu baba yangu alikuwa seremala katika mtaa wa Majengo, Mombasa, na katika maisha yake yote alikopa benki mara moja tu. Alikopa ili anunue mashine ya kuranda mbao. Kila mwezi alilipa kwa siku yake, na kila alipolipa aliandika katika daftari lake la jalada jeusi: tarehe upande wa kushoto, fedha upande wa kulia. "Dawa ya deni ni kulipa," alikuwa akituambia, na yeye aliinywa dawa hiyo bila kukunja uso.

Malipo ya mwisho, shilingi 18,250, yaliangukia Februari 1996, katika siku ambayo mwezi ulipoandama jioni yake ikawa ni Idd ndogo. Benki ilifungwa. Baba alikwenda siku ya kazi iliyofuata, asubuhi na mapema, akalipa. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwamba bado anadaiwa shilingi 515.

Alikwenda kuuliza mara tatu. Mara ya tatu nilifuatana naye. Karani alikuwa mtu mpole, akamwamkia kwa heshima, akafungua jalada. "Mzee wangu," alisema, "mimi sikuzihesabu siku hizi. Iliyohesabu ni kompyuta." Baba akamwuliza, "Na kompyuta imehesabuje, mwanangu?" Karani hakujua. Akaitwa mkubwa wake, naye hakujua. Basi baba alizitoa zile shilingi 515, tukarudi nyumbani kwa miguu, na usiku akaziandika katika daftari. Mbele yake, mahali pa kueleza fedha ni za nini, aliandika neno moja: "Sijui."

Miaka imepita, na riziki yangu imetoka katika kazi ya kuandika programu za kompyuta, hasa za mikopo na riba. Msomaji anaweza kudhani kwamba kuhesabu siku ni kazi ndogo kuliko zote katika programu hizo. Mimi pia nilidhani hivyo. Siku ni siku. Jua linachomoza, linatua, unaongeza moja. Lakini nilipoingia ndani ya kazi nilikuta kwamba jua lina sehemu ndogo sana katika jambo hili. Sehemu kubwa ni mapatano ya watu.

Chukua mfano mmoja. Mtu amekopa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kuanzia tarehe 31 Januari hadi 31 Machi, katika mwaka usio mrefu. Ukihesabu siku zenyewe, ambazo ni 59, na mwaka ukawa wa siku 365, riba ni shilingi 290,959. Ukihesabu siku hizo hizo 59, lakini mwaka ukauchukulia kuwa na siku 360, riba ni 295,000. Na ukifuata kanuni ya tatu, ambayo hufanya kila mwezi uwe na siku 30 na mwaka siku 360, siku zinakuwa 60 na riba ni 300,000. Kanuni zote tatu zinatumika duniani mpaka leo. Hakuna iliyo ya uongo. Wa uongo ni yule asiyemwambia mkopaji ni ipi anayotumia.

Kanuni hizi hazikuzaliwa na kompyuta. Zilitokana na wafanyabiashara na makarani waliohesabu kwa kalamu, ambao kwao 360 ilikuwa namba nyepesi kugawanya. Hata sisi wa pwani tulikuwa na hesabu yetu. Wazee walihesabu mwaka wa jua tangu siku ya Nairuzi, wakazigawa siku zake kwa makumi, yaani miongo, wapate kujua majira ya kupanda na majira ya kusafiri baharini. Mwaka huo ulikuwa wa siku 365 kamili, bila siku ya ziada kila baada ya miaka minne. Mabaharia wale hawakuwa wajinga. Walichagua hesabu iliyofaa kazi yao, na kila aliyekuwa chomboni aliijua.

Serikali na dini nazo zimezigusa siku. Julius Caesar alitengeneza kalenda ya Kirumi iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, ikiwa na mwaka mrefu kila mwaka wa nne. Baada ya kufa kwake makuhani waliielewa vibaya amri hiyo, wakaweka mwaka mrefu kila mwaka wa tatu, mpaka Augustus akaja kulisahihisha kosa. Kwa hiyo kosa la kuhesabu miaka mirefu lina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 alirekebisha kalenda, na katika nchi zilizomfuata mara moja, siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba ikawa tarehe 15. Uingereza ilichelewa hadi 1752. Huko tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14.

Katika habari hiyo ya Uingereza kuna jambo ambalo hunigusa kila nikilisoma. Sheria iliyoziondoa siku zile 11 ilikuwa na kifungu kinachohusu madeni. Kilisema kwamba kodi ya pango na fedha nyingine zilizopatanwa zisidaiwe mapema kwa sababu ya badiliko hilo, wala riba isiongezeke. Kila malipo yabaki katika siku yake ya asili, kana kwamba sheria haikutungwa. Maana yake, watunga sheria walikumbuka kwamba ukiichezea kalenda, kuna mtu mahali fulani ambaye deni lake litasogea. Karani wa mwaka 1752 angeweza kumwonyesha mdaiwa kifungu hicho kwa kidole. Baba yangu hakuonyeshwa kitu.

Kompyuta zilipokuja, hesabu ilikwenda mbio lakini ikajificha. Programu ya hesabu iitwayo Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliuchukua mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu, na haukuwa. Microsoft walipotengeneza Excel walilinakili kosa hilo kwa makusudi, ili majedwali ya watu yahame bila kuharibika. Mpaka leo Excel huikubali tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo hakuna binadamu aliyeiishi.

Mwaka 2008 nilikuwa Nairobi, mimi na wenzangu wawili, tukitengeneza programu za vyama vya akiba na mikopo. Siku moja tuligundua kwamba programu zetu tatu zilitoa riba tatu tofauti kwa mkopo ule ule, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameandika hesabu yake ya siku kichwani mwake mwenyewe. Niliona aibu. Nilikumbuka "Sijui" ya baba. Nilikuwa nimekuwa yule niliyemlaumu.

Tukaamua kuandika maktaba moja. Katika kazi yetu maktaba si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo waandishi wengine huviazima badala ya kuandika upya. Tukaamua pia iwe huria, yaani maandishi yake yote yawe wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyatumia na kuyasahihisha. Hatukuwa wa kwanza. QuantLib, maktaba ya hesabu za fedha yenye kalenda na kanuni za riba ndani yake, ilikuwa wazi kwa watu wote tangu mwaka 2000. Na kwa lugha ya Java, ambayo katika matoleo yake ya mwanzo ilihesabu miezi kuanzia sifuri, Stephen Colebourne alikuwa ameongoza maktaba huria ya Joda-Time, ambayo fikra zake ziliingizwa katika Java yenyewe mwaka 2014. Sisi tulijenga juu ya kazi za watu hao, tukaongeza lililokuwa letu: sikukuu zetu.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Pasaka ina kanuni. Unaweza kuihesabu ya karne ijayo ukiwa umeketi. Idd haina kanuni ya namna hiyo, kwa kuwa inangoja mwezi uonekane na serikali itangaze. Sikukuu ya Kenya ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake huwa mapumziko. Hata mwisho wa juma si mmoja kila mahali: Oman iliuhamisha kutoka Alhamisi na Ijumaa ukawa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Kisha kuna swali la malipo yanayoangukia sikukuu. Wengine huyasogeza mbele hadi siku ya kazi. Wengine huyasogeza mbele ila yakivuka mwezi huyarudisha nyuma. Wengine huyaacha palepale. Na siku iliyosogezwa, je, ina riba au haina? Tuliandika kila jibu peke yake, na kumlazimisha anayeazima maktaba achague moja kwa jina lake. Tulikataa kumchagulia.

Hata hivyo tulikosea, na kosa lilikuwa langu. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa sikukuu ya Moi Day tangu 1989. Katiba mpya ya mwaka 2010 haikuitaja miongoni mwa siku za kitaifa, nami nikaiondoa katika orodha, nikiona nimefanya kazi ya bidii. Lakini niliiondoa kwa miaka yote, hata iliyopita. Kwa hiyo mkopaji aliyelipa tarehe 11 Oktoba 2007, kwa kuwa jana yake benki zilifungwa, sasa alionekana amechelewa siku moja. Mashine yangu ilikuwa inaandika barua ile ile aliyoandikiwa baba.

Aliyeligundua alikuwa mhasibu wa chama cha akiba, mtu ambaye sikupata kuonana naye. Aliyasoma maandishi yetu, akaweka kidole mahali penyewe, akaniandikia kwa upole kwamba sikukuu ikifutwa haifutiki kwa waliokwisha kuiadhimisha. Tangu siku hiyo kila sikukuu katika maktaba ina mwaka wake wa kuanza na mwaka wake wa kukoma. Ilikuwa heri, kwa sababu mwaka 2017 mahakama iliamua kwamba tarehe 10 Oktoba bado ni sikukuu kisheria. Ikarudi, na baadaye ikabadilishwa jina zaidi ya mara moja, hata mwaka 2024 ikaitwa Siku ya Mazingira. Kama maandishi yangefungiwa kabatini, yule mhasibu angejibiwa kama alivyojibiwa baba: kompyuta ndiyo iliyohesabu.

Baba alifariki mwaka 2011. Katika kupanga vitu vyake nilipata daftari, na ndani yake, imekunjwa mara nne, hati ya mkopo. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Ilisema kwamba malipo yakiangukia sikukuu yatapokewa siku ya kazi inayofuata bila faini, na kwamba riba, asilimia 30 kwa mwaka wa siku 365, itaendelea hadi siku ya kulipa. Niliziingiza tarehe zake katika maktaba yetu. Riba ya siku moja kwa shilingi 18,250 ni shilingi 15 kamili. Zile 500 zilikuwa faini ya kuchelewa, na hakuchelewa.

Kwa hiyo baba alidaiwa kweli, shilingi 15. Namjua, angelizitoa mfukoni papo hapo na kushukuru, lau mtu mmoja angelimwonyesha hesabu. Kilichomuuma si fedha. Ni kuambiwa kwamba jambo linalomhusu limehesabiwa mahali asipoweza kutazama.

Daftari ninalo. Nilishika kalamu nieleze zile 515 ni za nini, kisha nikaiweka chini. Neno lile ni lake, na siku ile aliyoliandika lilikuwa kweli. Nilikunja karatasi yenye hesabu yangu, nikaitia katika ukurasa ule, kando ya mwandiko wake.