Babu Alikuwa Baharia wa Nyambizi, na Nyumba Nzima Haikujua

Leo tuweke kando kidogo vitambaa, hina na orodha za harusi. Nataka tuzungumze juu ya wazee waliopitia Vita vya Pili vya Dunia, vya mwaka 1939 hadi 1945, wakarudi majumbani mwao na wasiseme neno mpaka wakaingia kaburini. Na katika vita hivyo nataka hasa tuangalie vita vya nyambizi, yaani manowari zinazokwenda chini ya maji. Vita hivyo vilipiganwa pia katika bahari yetu hii ya Hindi, na vilichukua watu wetu.

Haya nimeyaanza kwa sababu ya mteja wangu mmoja, bi harusi aliyekuja kushonesha gauni la nikaha. Baba yake ni mtu wa hapa kisiwani, mama yake ni Muingereza. Babu yake mzaa mama alifariki huko Uingereza akiwa mtu mzima sana. Wanawe na wajukuu walimjua kuwa ni fundi umeme, mzee wa bustani yake na redio yake. Walipokuwa wanatoa vitu vyake nyumbani, wakakuta kikasha cha kadibodi kabatini, chini ya masweta. Ndani mlikuwa na nishani za nyota, tepe za rangi, karatasi ndefu iliyokunjwa, na picha ya vijana wenye ndevu wamesimama nyuma ya bendera nyeusi. Mzee alikuwa baharia wa nyambizi, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kusikia habari hiyo.

Karatasi, utepe na bendera

Tuanze na karatasi, maana ndiyo iliyowapoteza njia. Iliandikwa majina ya meli alizotumikia, na jina kubwa lilikuwa Adamant. Wakatafuta, wakaona Adamant ilikuwa meli kubwa iliyotia nanga Trincomalee, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Wakasema alhamdulillahi, kumbe babu alikaa bandarini salama. Kumbe Adamant ilikuwa meli mama ya nyambizi. Hapo ndipo nyambizi zilipopewa torpido, mafuta, chakula na mafundi. Mabaharia wa nyambizi mara nyingi waliandikwa kwa jina la meli mama, na jina la nyambizi yenyewe likatiwa kwenye mabano madogo pembeni. Ukiyaruka mabano, umeiruka habari yote. (Jina la nyambizi ya mzee huyu nimeombwa nisilitaje.)

Utepe ndio alioniletea mimi. Ni buluu iliyoiva, katikati una mstari mpana mwekundu, na kila upande wa buluu umepita mstari wa rangi ya machungwa. Huo ni utepe wa Nyota ya Burma, nishani waliyopewa waliopigana upande huo wa dunia. Nishani za Waingereza za vita vile hazikuandikwa jina la mtu. Zililetwa kwa posta ndani ya kikasha kidogo, na wengine hawakujisumbua hata kuziomba. Bi harusi alitaka niushone kwenye bitana ya gauni, upande wa moyo. Sikutaka kupitisha sindano kwenye kitambaa cha umri ule, kwa hiyo nilishona kijimfuko cha pamba laini ndani ya bitana, utepe ukakaa humo bila kutobolewa, na baada ya harusi unatoka.

Bendera ya kwenye picha ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa kuwa mimi ni mtu wa cherehani. Ni nyeusi, ina fuvu na mifupa kama ya maharamia. Inasimuliwa kwamba zamani, nyambizi zilipokuwa jambo geni, wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza walizidharau, wakaona kujificha chini ya maji ni hila za kiharamia. Septemba 1914 kapteni Max Horton wa nyambizi E9 alipoizamisha manowari ya Kijerumani Hela, alirudi bandarini akipeperusha bendera ya maharamia. Katika vita vya pili ikawa desturi. Kila nyambizi ilikuwa na yake, na mara nyingi mabaharia wenyewe ndio walioishona kwa mkono, wakipachika alama baada ya kila safari. Mstari mweupe ni meli ya mizigo iliyozamishwa, mwekundu ni manowari, na jambia ni kazi ya siri, kama kushusha wapelelezi ufukweni usiku. Bendera nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya nyambizi mjini Gosport, Uingereza. Kwa hiyo aliyekaa kimya miaka yote hiyo aliwahi kusimama mbele ya kitambaa kilichosema kila kitu, ila wanawe hawakujua kukisoma.

Maisha ya chini ya maji

Nyambizi za aina iliyokuwa Trincomalee, zile kubwa zinazoitwa aina ya T, zilikuwa na urefu wa mita 84 hivi na watu wapatao 60 ndani. Fikiria vyumba vyote vya nyumba yako vimepangwa mstari mmoja mwembamba, na katikati umejaza mashine. Mchana walikaa chini, wakienda kwa betri. Usiku walipanda juu kuwasha injini za dizeli ili kuchaji betri na kuvuta hewa. Maji ya kunywa yalipimwa, kuoga hakukuwepo, nguo zilinuka mafuta, na kwenye joto la bahari zetu hizi jasho halikauki. Ndiyo maana vijana wa kwenye picha wana ndevu. Uingereza ilipoteza nyambizi zaidi ya 70 katika vita vile, na nyambizi ikizama mara nyingi haibakii hata mtu mmoja wa kusimulia.

Kazi yao ilikuwa kuvizia njia za Penang, huko Malaya, ambako nyambizi za Japani zilikuwa na kituo. Novemba 1943 nyambizi Taurus iliizamisha nyambizi ya Kijapani I-34 karibu na Penang. Tarehe 11 Januari 1944 Tally-Ho ikaizamisha Kuma, manowari kubwa ya Japani. Kutoka Penang hiyo hiyo ndiko zilikotoka nyambizi zilizokuja kuvizia meli za upande wetu.

Meli iliyotoka Mombasa

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Moja ilikuwa Khedive Ismail, meli iliyobeba watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa Kiafrika chini ya maofisa wa Kizungu. Walikuwemo pia wauguzi wa hospitali ya jeshi na wanawake wa jeshi la majini.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido mbili. Meli ilizama chini ya dakika tatu. Aliyekuwa chini ya sitaha hakuwa na njia. I-27 ikajificha chini ya maji, chini ya wale waliokuwa wanaelea wakiomba msaada. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na uamuzi ambao siuombei kiumbe yeyote: kuiacha nyambizi ikapige meli nyingine, au kutupa mabomu majini na watu wao wakiwa humo humo. Walitupa. Mwishowe Petard iliizamisha I-27 kwa torpido.

Watu 1,297 walikufa. Kati yao wanawake ni 77, na wanawake waliookoka ni sita tu. Hakuna siku nyingine katika historia ya Jumuiya ya Madola walipokufa wanawake wengi namna hiyo wakiwa jeshini. Wapiga mizinga waliokufa wamechorwa majina yao kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko makaburi ya vita, Nairobi.

Kwa nini walinyamaza?

Wengine waliamrishwa. Petard hiyo hiyo, tarehe 30 Oktoba 1942, iliikamata nyambizi ya Kijerumani U-559 mashariki ya bahari ya Mediterania. Wanaume wawili, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani inazama, wakatoa vitabu vya siri vya mawasiliano, nao wakazama nayo. Kijana Tommy Brown, mhudumu wa kantini mwenye umri wa miaka 16, alizipokea karatasi zile na akaokoka. Zilisaidia Waingereza kusoma tena mawasiliano ya nyambizi za Kijerumani. Lakini kazi ya kusoma mawasiliano ilifichwa mpaka miaka ya 1970. Brown alikufa mwaka 1945 nyumba yao ilipoungua, alipokuwa akijaribu kuokoa ndugu zake. Mama yake alipokea nishani ya mtoto wake, lakini thamani halisi ya karatasi zile bado ilikuwa siri.

Wengine walinyamaza kwa uchungu. Baharia wa nyambizi anapozamisha meli, huwasikia wanaozama. Baharia wa Petard aliyetupa mabomu kwenye maji yale atakwenda kumsimulia nani, mkewe wakati wa chai? Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mara nyingi mshindo huo wanausikia wajukuu, mwenyewe ameshaondoka.

Lakini tusiseme kimya kote ni sawa. Mjukuu wa yule Muingereza alibakiwa na kikasha, karatasi, picha, na ofisi ya kuandikia kuomba faili. Kijana wa kikosi cha 301 alichukuliwa kwenda vita visivyokuwa vyake, na kwao aliacha mama anayengoja. Pengine aliacha na mke asiyejua kama amefiwa au ameachwa, asijue hata aanze lini kukaa eda. Ukoo mwingi umebaki na maneno matatu tu: "Alikwenda vitani, hakurudi."

Tufanye nini sisi?

Dada zangu, harusi ndiyo wakati mzuri. Ukoo mzima unakutana, wazee wanakaa pamoja, na nasaba inatajwa. Tumia nafasi hiyo.

*Uliza mtu akiwa hai.* Usianze na vita. Anza na picha, au na swali jepesi: "Babu, ulikuwa wapi mwaka ule?" Akinyamaza, muache. Rudi siku nyingine na kahawa. Siri ya mtu ni amana, na asiyetaka kusema ana haki yake.

*Karatasi za marehemu zisitupwe.* Wakati wa kugawa mirathi watu hutazama nyumba na dhahabu, kikasha cha karatasi kikaenda jaani. Piga picha kila ukurasa, pamoja na mabano na maandishi ya pembeni.

*Kama kwenu kuna aliyekwenda vitani asirudi,* Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ya kutafuta majina, na ni bure. Jaribu tahajia nyingi, kwa kuwa majina yetu yaliandikwa na maofisa wa kigeni kwa walivyosikia: Omari, Omar, Umari. Ukikuta tarehe 12 Februari 1944, sasa unajua ni meli gani.

*Vitambaa vya zamani usivifue wala usivipige pasi.* Vifunge kwenye pamba nyeupe isiyo na wanga, mbali na jua. Pini zishike kutu zikiwa mbali, na naftalini isiguse kitambaa.

Sikuandika haya kusifu vita. Nimeandika kwa sababu bi harusi anayeingia nyumba mpya atazaa, na wanawe watamuuliza: wazee wetu walikuwa nani? Ni vyema awe na jibu, naye alipate kwa mzee aliye hai, kabla ya siku ya kufungua makabati. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awape subira waliongoja wasiorudi.