Ngozi, Ushuru na Ushairi: Msamiati wa Kale wa Kiskoti

Mhakiki anayechunguza historia ya lugha ya Kiskoti aghalabu huanzia kwa washairi. Katika "Tam o' Shanter", shairi simulizi alilolitunga Robert Burns mwaka 1790, mnywaji mwenza wa Tam ni Souter Johnnie, na kwa ajili yake neno souter, yaani mshona viatu, limejulikana mbali na Uskoti. Asili yake ni Kilatini, sutor. Cordiner, lenye maana hiyo hiyo, lilipitia Kifaransa kutoka Córdoba, mji wa Uhispania uliosifika kwa ngozi zake. Lakini haya ni maneno ya mafundi wa mjini. Mnyama mwenyewe hayamtaji.

Mnyama yumo katika hesabu za forodha. Katika karne ya 14 wafalme wa Uskoti walitoza ushuru sufu na ngozi zilizopelekwa ng'ambo, na karani wa bandarini hangeridhika na neno moja kama ngozi la Kiswahili, ambalo humtosha ng'ombe, kondoo na hata binadamu. Kwake hide ilikuwa ya ng'ombe, na fell ya kondoo. Linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni lentrinware. Lentrin ni Kwaresima. Ware ni bidhaa. Zilikuwa ngozi za wana-kondoo waliokufa punde tu baada ya kuzaliwa, wakati baridi haijaisha. Mort nayo ilikuwa ngozi ya kondoo aliyejifia, asiyechinjwa. Hasara ya mfugaji ilipewa jina, ikawekewa bei, na serikali ikachukua fungu lake. Kwa hiyo si ajabu kwamba kamusi kuu ya Kiskoti cha kale, yenye juzuu 12 na iliyokamilishwa mwaka 2002, huwanukuu makarani sawa na washairi; bila makarani, vifo hivyo visingekuwa na msamiati.

Safari ya barkit ni ya namna nyingine. Bark ni gome; ngozi zililowekwa kwa miezi mingi katika maji ya magome ya mwaloni, na fundi wa kazi hiyo akaitwa barker. Ngozi iliyokwisha kuiva ndiyo barkit. Baadaye neno likatoka karakanani likaingia majumbani, likawa sifa ya mtu au nguo iliyogandwa na uchafu.