Barua Iliyomalizwa Kwihara

Tarehe 1 Mei 1872, David Livingstone alimaliza barua katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini. Haikuwa ya jamaa zake. Ilikuwa ya gazeti la Marekani, New York Herald, na ndani yake aliwaomba Wamarekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa katika pwani yetu. Siku hiyo aliandika pia katika shajara yake kwamba anamwomba Mungu aibariki barua hiyo. Maneno mengine ya barua hiyo leo yamechongwa kwenye jiwe la kaburi lake, katika kanisa la Westminster Abbey, London: anamtakia baraka kila mtu, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda hili la dunia. Nimefundisha historia hapa Tabora mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilikuta darasa zima halijui kwamba maneno yale yalitoka Kwihara.

Aliyaandika akiwa na jambo moja lililomkaa moyoni. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika nchi ya Manyema, siku ya soko. Wanawake walikuwa wamekuja kwa mamia na kuku, samaki, chumvi na vyungu. Watu wenye bunduki wa mfanyabiashara Dugumbe wakaanza kugombania bei ya kuku, kisha wakafyatua risasi katikati ya umati. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, mto ukawachukua. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola, Dugumbe akamzuia. Akabaki na kalamu. Karatasi zilikuwa zimemwishia, basi akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mti.

Maandishi yale hayakuwa ya mbali na sisi. Tabora ina koo za Wamanyema ambao wazee wao walifika kwa njia ya misafara iliyopita hapa, wengine kwa hiari, wengine wakiwa wamefungwa. Nilipokuwa nikisoma habari za soko la Nyangwe darasani, niliwasomea watoto ambao huenda bibi za bibi zao walikuwa wakiuza vyungu sokoni asubuhi ile.

Stanley, mwandishi wa New York Herald, aliondoka hapa tarehe 14 Machi 1872 akiwa amebeba shajara na barua za Livingstone. Habari za Nyangwe zikafika Uingereza, zikaamsha hasira, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Naamini kwa moyo wote kwamba kuandika kule kulikuwa utume wa Kikristo, kwa maana ya shahidi anayesimama na kusema alichokiona. Lakini ushahidi nao hupimwa. Wataalamu waliyapiga picha maandishi yale yaliyofifia kwa mwanga wa aina mbalimbali wakaweza kuyasoma, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba Livingstone alipoyanakili baadaye alibadilisha sehemu kadhaa, zikiwemo zinazohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Baadhi ya Wakristo wenzangu hawapendi nilitaje hilo. Mimi nalitaja kila mara. Waliokufa Lualaba hawapungui kwa sababu shahidi wao alikuwa na lake la kuficha, na Mungu tunayemwabudu hana haja ya kutetewa kwa karatasi iliyofutwa.

Nasi Wanyamwezi tuna letu. Babu zetu wengi hawakuwa watumwa waliobeba pembe za ndovu kwa viboko, kama vitabu vya zamani vinavyosema. Walikuwa wapagazi huru, walipatana ujira, waligoma, na kijana aliyekwenda pwani akarudi alionekana mwanamume kamili. Hilo tunalisimulia kwa fahari, na ni haki yetu. Tusilolisimulia ni kwamba mali ile ya pembe iliwanunulia wengi watu wa kuwalimia mashamba. Wajerumani hawakuufuta utumwa; sheria yao ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Bibi yangu alizaliwa wakati mtu wa Tabora aliweza bado kuwa mali ya jirani yake.

Oktoba 1873 ulifika Kwihara msafara ulionifanya nilipende somo langu. Livingstone alikuwa amefariki Mei mwaka huo kijijini kwa Chitambo. Watu wake, Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome na kitambaa cha tanga. Jacob, Myao aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India, ndiye aliyesoma sala za maziko, akachonga maandishi kwenye mti, akaandika orodha ya vitu vilivyokuwamo katika masanduku ya marehemu. Hapa Kwihara walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wauzike mwili papa hapa. Walikataa. Cameron akachukua vyombo vingi vya kupimia vya marehemu. Mwili na maandishi vikabaki mikononi mwao.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walikataza maiti isipite katika nchi yao. Basi watu wa Livingstone wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, wakatuma watu waurudishe Unyanyembe, upande huu wa Kwihara, kana kwamba wanakwenda kuuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Wanafunzi wangu waliuliza, na waliuliza vizuri: Mwalimu, hawakudanganya? Walidanganya. Siwezi kuliita jina lingine. Ila nawaheshimu, maana waliyahatarisha maisha yao ili marehemu na maneno yake yafike, na Februari 1874 yakafika Bagamoyo. Huko walilipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha.

Wamisionari waliokuja baadaye walikuta njia ile ile. Mapadri Weupe walifungua nyumba ya watoto Kipalapala miaka ya 1880, wakawakomboa watoto kwa kulipa. Mmoja wa waliokombolewa na shirika hilo, tena mbali kabisa, Sahara, alikuwa Adrien Atiman. Alisomea udaktari Malta, akaja Karema mwaka 1889, akatibu watu wa Ziwa Tanganyika mpaka kifo chake mwaka 1956. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo bei iliyolipwa iliingia mfukoni mwa muuzaji, na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka kuishi wapi. Hayo mawili nayaweka kwenye ukurasa mmoja.

Somo hilo la kuandika ushahidi nalitumia bado: siku hizi nimo katika tume ya haki na amani ya parokia yetu. Kesi nyingi ni za wajane wanaonyang'anywa shamba baada ya matanga. Karibu kila mara mzee mmoja wa ukoo huniomba: “Mwalimu, mambo ya ndugu humalizwa ndani.” Namjibu kwa heshima, kisha namwomba katibu aandike: nani alisema nini, mpaka uko wapi, nani alishuhudia. Siijui njia nyingine ya kumsaidia mama yule.

Kati ya watu wa msafara ule, Jacob Wainwright ndiye pekee aliyekuwepo kwenye maziko ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Alirudi Afrika, akatumika katika misheni, akafariki Urambo mwaka 1892, magharibi ya Tabora, kwenye njia hii hii. Nimemwomba paroko wetu kwamba siku ya Marehemu Wote, Novemba, jina lake lisomwe pamoja na majina ya Susi, Chuma, na wanawake Halima na Ntaoeka waliotoka Kwihara na msafara wa Livingstone Agosti 1872. Amekubali. Tunataka pia lisomwe shuleni, na nimeanza kuzungumza na walimu wa Urambo.