Mhunzi wa Bweranyange na Mchoraji Asiyefika

Huko Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, palihifadhiwa sanamu za ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda. Hazikuwa mapambo tu, bali alama za ufalme. Mhunzi aliyezifua alimjua ng'ombe, aliujua moto, na aliijua jamii iliyomtuma.

Mwezi wa Novemba 1861, Mfalme Rumanyika aliwapokea Waingereza wawili, Speke na Grant. Speke aliendelea na safari Januari 1862. Grant, aliyeugua mguu, alibaki hadi Aprili. Grant alikuwa hodari wa kuchora, na kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya mwenzake. Lakini siku zile mara nyingi mchoro haukuingia kitabuni ila umechongwa kwanza katika ubao wa kuchapia. Fundi aliyeuchonga huko Uingereza hakuwahi kuikanyaga Karagwe. Palipokuwa na pengo, hakuwa na la kulijazia ila alichozoea kukiona kwao.

Leo fundi huyo asiyefika amerudi kwa sura nyingine. Tangu mwaka 2022, programu za akili unde kama Midjourney na Stable Diffusion zimefunguliwa kwa umma. Zimelishwa picha nyingi mno pamoja na maelezo yake. Mtu akiandika maneno machache, hupata picha kabla mchoraji hajachonga penseli. Mwenye kutaka picha ya kitabu au ya bango anaweza sasa kumpita msanii mlangoni. Hata hivyo, chombo hicho hutoa kwa mfano wa kilicholishwa. Ikiwa Karagwe haimo, au imo kwa mkono wa mgeni tu, kitachora ufalme usiokuwapo. Na mtoto wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, atadhani ndio wa babu zake.

Hatusemi kompyuta itupwe. Kompyuta ni mvukuto: huchochea moto, lakini haifui chuma. Wachoraji wetu na waishike, ila waanzie zizini kwa ng'ombe mwenyewe, na barazani kwa wazee. Nao wanaoagiza kazi wawalipe kwa safari hiyo, kwani mcheza kwao hutuzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda msanii, lakini haiwezi kuilinda picha ambayo hakuagizwa kuichora. Kitabu cha mwaka 1863 kilimtaja Grant kwa michoro yake. Mchoraji wetu naye anastahili kutajwa.