Fotokopi za Budapest na Nishani ya George Soros

Tarehe 4 Januari 2025 Rais Joe Biden alimtunuku George Soros Nishani ya Rais ya Uhuru, na mwanawe Alex akaipokea kwa niaba yake. Kelele zikazuka, kama ilivyotarajiwa. Dai moja hurudiwa hata na watu makini: kwamba mlanguzi huyu wa sarafu alianza kutoa misaada ili kujikosha, baada ya kucheza kamari dhidi ya pauni ya Uingereza Septemba 1992 na kuvuna faida ya takriban dola bilioni 1.

Miaka yenyewe inalikanusha dai hilo. Soros alianza 1979, alipowalipia karo wanafunzi Weusi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ndiyo sheria ya Afrika Kusini. Mpango ule ulimvunja moyo upesi, kwa sababu aliona anausaidia mfumo wenyewe kuliko anavyoupinga. Lakini ulikuwepo, miaka 13 kabla ya sakata la pauni.

Habari za ujana wake zinafahamika: Myahudi aliyezaliwa Budapest 1930, akanusurika Wanazi kwa hati za bandia, akasoma London na kunaswa na mawazo ya mwanafalsafa Karl Popper kuhusu jamii huria, akahamia New York 1956. Tusikawie hapo.

Mwaka 1984 ndipo mambo yalipoiva. Soros aliafikiana na Akademia ya Sayansi ya Hungaria kuunda wakfu wa kuendeshwa kwa pamoja, kila upande ukiwa na kura ya turufu. Mtu wake mjini Budapest alikuwa Miklós Vásárhelyi, aliyekuwa msemaji wa serikali ya Imre Nagy, waziri mkuu aliyenyongwa baada ya mapinduzi ya 1956 kuzimwa, naye mwenyewe akafungwa jela. Kwa hiyo serikali ilijikuta inajadiliana kuhusu ruzuku na mtu iliyemfunga yenyewe.

Kisha zikaja fotokopi. Wakomunisti walizibana mashine hizo, maana mwenye mashine angeweza kusambaza maandishi bila kumpitia mkaguzi. Wakfu uliziagiza kutoka nje kwa dola, ukazipeleka kwenye maktaba na vyuo, navyo vikalipa kwa forinti. Forinti hizo ndizo zilizogeuka ruzuku za watafiti, waandishi na wanafunzi. Dola ileile ikafanya kazi mara mbili. Na mashine zilipozagaa, hakuna ofisa aliyeweza tena kujua ukurasa gani umenakiliwa wapi. Sijaona mfano mwingine wa hisani ya kisiasa uliotumia akili nyingi kiasi hicho kwa kelele chache kiasi hicho.

Miongoni mwa walionufaika yumo Viktor Orbán, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Hungaria. Juni 1989, Nagy alipozikwa upya kwa heshima, kijana huyo alisimama hadharani kudai majeshi ya Kisovieti yaondoke. Mwaka huohuo akaenda Oxford kwa ufadhili wa Soros. Mwaka 2017 serikali yake ilijaza barabara mabango ya kumshambulia mfadhili huyo, na ikatunga sheria iliyokisukuma Vienna Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, ambacho Soros alikianzisha 1991. Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitamka kwamba sheria ile inakiuka sheria za Umoja wa Ulaya.

Wanaodai Soros ndiye mpangaji wa kila maandamano duniani wanarudia chuki ya zamani dhidi ya Wayahudi, basi. Wanaouliza ni nani aliyemchagua, hao wasikilizwe. Waziri Mkuu Mahathir Mohamad alimlaumu 1997 ringiti ya Malaysia ilipoporomoka, na mwaka 2002 mahakama ya Ufaransa ilimtia Soros hatiani kwa kununua hisa akitumia taarifa za ndani. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba ameuhamishia wakfu wake wa kimataifa dola bilioni 18, na fedha kama hizo haziwajibiki kwa mpiga kura yeyote, awe wa Budapest au wa Nairobi, ambako wakfu ulifungua ofisi.

Hata hivyo, kwa kazi ya Hungaria peke yake, nishani ilimstahili, ingawa ilichelewa. Vásárhelyi, ambaye ndiye aliyebeba hatari kubwa zaidi, alifariki 2001, na heshima hiyo ilikuwa yake pia.