Muziki wa "Orfeu Negro"

Mtu aingiapo nyumba ya sinema huenda kutazama. Lakini mara nyingi jicho husahau na sikio hukumbuka. Kisa kikiisha kufutika akilini, wimbo wake hubaki mdomoni. Hivyo ndivyo watu wengi wa Ulaya na Marekani walivyoujua muziki wa Brazili: uliwakuta gizani, wamekaa vitini, wakitazama filamu iitwayo "Orfeu Negro" ya mwaka 1959.

Asili ya filamu hiyo ni mchezo wa kuigiza wa mshairi Vinicius de Moraes, "Orfeu da Conceição", ulioonyeshwa Rio de Janeiro mwaka 1956. Mshairi huyo alitwaa hadithi ya kale ya Kiyunani, ya mwimbaji aliyemfuata mpenzi wake hata kuzimu, akaipandisha katika vilima vya maskini wa Rio, na wachezaji wake wakawa watu weusi. Muziki ulitungwa na Antônio Carlos Jobim, kijana ambaye jina lake lilikuwa halijavuma. Mfaransa Marcel Camus alipoigeuza hadithi hiyo kuwa filamu, zilitungwa nyimbo mpya. Jobim na Vinicius walitoa "A felicidade". Mpiga gitaa Luiz Bonfá akatoa "Manhã de Carnaval", yaani Asubuhi ya Kanivali, maneno yakiwa ya Antônio Maria. Mwaka huo huo filamu ilipata tuzo kuu ya Cannes, na mwaka 1960 ikapewa Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Ndani yake mna muziki wa namna mbili. Wa kwanza ni wa barabarani: vishindo vya samba, na sauti ya cuíca, ngoma yenye kijiti ndani kisuguliwacho kwa kitambaa kilicholowa hata ikalia kama kiumbe hai. Huo ni urithi wa watumwa, ambao wengi wao walitolewa Kongo na Angola, na wengine Msumbiji. Tena katika baadhi ya nyumba za ibada za Brazili jina la ngoma ni "ngoma" vile vile. Wa pili ni wa faragha: gitaa moja na sauti ya upole. Huu ulikuwa jirani wa mtindo wa bossa nova, ambao João Gilberto alikwisha kuutia katika santuri mwaka 1958. Filamu ilimkuta mtoto amekwisha zaliwa, ikamchukua safarini. Mwaka 1962 Stan Getz na Charlie Byrd walitoa santuri ya "Jazz Samba", na mwezi wa Novemba Jobim, Bonfá na Gilberto wakapiga muziki wao katika Carnegie Hall, New York.

Hata hivyo, sifa hizo hazikupokewa na wote. Wabrazili wengi walinung'unika kwamba filamu imeupamba umaskini, ikawafanya watu wa vilimani waonekane kama hawana kazi ila kucheza. Mwimbaji Caetano Veloso ameandika kwamba alipoitazama ujanani, huko Bahia, yeye na watazamaji wenziwe waliicheka na kuona haya. Hata nyimbo zenyewe zilibadilishwa njiani: wimbo wa Bonfá, ambao kwa Kireno husifu asubuhi yenye matumaini, ulipotiwa maneno ya Kiingereza uligeuka kuwa kilio cha mtu mpweke. Aliyeupenda kwa Kiingereza alipenda sauti ya Brazili, lakini kauli yake hakuisikia.

Ajabu ni kwamba mwaka 1999, Carlos Diegues alipoirudia hadithi hiyo katika filamu "Orfeu", mtunzi wa muziki alikuwa Veloso huyo huyo. Aliyeionea haya filamu ya kwanza hakuukimbia uwanja wake.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Lakini hii imevuma zaidi ya miaka 60. Asikiaye wimbo katika filamu na kuufurahia hana kosa. Ila amepokea salamu tu. Na mwenye adabu, akipokea salamu, huuliza ametoka nani, wapi, na hali yao huko ikoje.